Masua ya Galilei na Jua la Yosua

Kitabu tunachotaka kukichungua leo kiliandikwa kwa Kiitalia na Galileo Galilei, kikapigwa chapa Firenze mwaka 1632. Jina lake, tukiligeuza kwa Kiswahili, ni Mazungumzo juu ya mifumo miwili mikubwa ya ulimwengu. Wasomaji wetu wengi wamelisikia jina hilo kwa ajili ya kesi iliyofuata katika mwaka 1633. Waliokifungua kitabu ni wachache. Ni hasara. Ndani yake mna ukurasa mmoja ambao, kwa maoni yetu, kila mseminari wa kalasi ya filosofia sherti ausome, kwani asiyeufahamu hatafahamu fizika ya leo hata kidogo. Tena zimo kurasa nyingine, mwishoni, ambazo ni mbovu kabisa, na ubovu wake unafundisha karibu sawa na uzuri wa ule ukurasa wa kwanza.

Sababu ya kukichungua leo ni usemi mmoja tunaousikia mara kwa mara hapa Bukavu, katika mikutano ya vijana, katika mafundisho ya wakatekumeni wakubwa, na hata katika mahubiri. Wanasema hivi: fizika ya sasa imeonyesha kama kila mwendo ni wa kulinganisha tu, basi kusema dunia inalizunguka jua, au jua linaizunguka dunia, ni hiari ya msemaji, kwa hiyo waamuzi wa Galilei hawakukosa, wala Galilei hakukosa, kila mmoja alisema kweli toka upande wake. Usemi huu unapendeza, kwani unafuta aibu ya zamani kwa neno moja la elimu mpya. Lakini si wa kweli. Na la ajabu ni kwamba kitabu chenyewe cha Galilei, kikisomwa vizuri, kinaonyesha ukweli wake unaishia wapi.

Tuanze na ukurasa mzuri. Katika kitabu wanazungumza watu watatu kwa muda wa siku nne: Salviati, anayesema kwa ajili ya Galilei, Sagredo, bwana mwenye akili na hamu ya kujua, na Simplicio, mfuasi wa Aristoteli. (Huyu wa tatu amepewa kazi ya kushindwa. Mbaya zaidi, mwishoni ndiye anayewekewa kinywani hoja aliyoipenda Papa Urbano VIII mwenyewe. Mwandishi anayefanya hivyo asishangae akipoteza marafiki.) Siku ya Pili, Simplicio na wenzake wanauliza: kama dunia inakwenda mbio, kwa nini jiwe likiangushwa toka juu ya mnara linaanguka chini ya mnara, wala halibaki nyuma? Salviati anajibu kwa kuwaingiza katika masua.

Shukeni, asema, katika chumba kikubwa chini ya sitaha ya masua, mjifungie. Mchukue pamoja nanyi nzi na vipepeo, na bakuli la maji lenye samaki. Tungikeni chupa inayodondosha maji tone kwa tone katika chombo chenye mdomo mwembamba. Rukeni kwa miguu yote miwili, mtupiane kitu, mfukize ubani kidogo. Kwanza masua ikiwa imesimama, tazameni yote kwa uangalifu: vipepeo wanaruka pande zote sawasawa, tone linaingia katika mdomo wa chombo, moshi wa ubani unapanda wima. Kiisha masua iende mbio mnavyotaka, lakini iende sawasawa, bila kuongeza mbio wala kuyumba. Hamtaona badiliko hata moja. Samaki hatachoka zaidi akiogelea kuelekea mbele kuliko akirudi nyuma, na vipepeo hawatabaki wamerundikana upande wa nyuma. Aliyefungiwa mle hana njia ya kujua kama masua inakwenda au imetia nanga.

Anayekaa Nyalukemba, kwenye ulimi huu wa nchi unaoingia katika ziwa Kivu, hana haja ya bahari ya Venezia ili afahamu. Masua za Goma zinang'oa nanga mbele ya macho yetu. Msafiri aliyelala katika chumba, ziwa likiwa shwari na injini ikiwa imeshika mwendo wake, akimwaga chai katika kikombe, chai inaingia kikombeni kama mezani kwake nyumbani. Sisi wa nchi kavu tunaona kikombe, chai, mkono na msafiri vyote vinakwenda Goma. Yeye anaona sisi, pamoja na vilima vya Bukavu, tunarudi nyuma.

Uzuri wa ukurasa huu ni nini? Wengine wanasifu lugha yake. Sisi tunasifu mambo mawili. La kwanza, Galilei amefunga madirisha. Hakuuliza nani anaona nani anakwenda, kwani hilo hata mtoto analijibu. Ameuliza kama kuna jambo lolote, ndani ya chumba, linaloweza kututolea siri ya mwendo. La pili ni lile sharti lake fupi, ambalo wasemaji wetu wanaliruka daima: mwendo uwe sawasawa, bila kuyumba. Bila sharti hilo ukurasa wote ni uongo, na Galilei alijua.

Wala si yeye wa kwanza kutumia mfano wa chombo cha majini. Nicole Oresme, ambaye alikuwa Askofu wa Lisieux katika Ufaransa, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1377, alionyesha ya kuwa mtu aliye chomboni akiona chombo cha pili hawezi kuamua kwa macho tu ni kipi kinachokwenda, na akasema vilevile juu ya dunia na mbingu. Kardinali Nikolao wa Kusa alirudia wazo lilo hilo mwaka 1440. Tena aliyethibitisha habari ya jiwe kwa vitendo mbele ya watu wengi alikuwa padri, Pierre Gassendi: mwaka 1640, karibu na Marseille, aliangusha mawe toka juu ya mlingoti wa merikebu iliyokuwa ikienda mbio, na mawe yakaanguka chini ya mlingoti. Wanaofundisha kama Eklezia na elimu ya mwendo walikutana mara ya kwanza katika kesi ya 1633 hawajasoma historia.

Sasa tuseme juu ya lile neno ambalo vitabu vya Kifaransa vinaliita référentiel. Sisi tutasema kituo cha kupimia. Si fasi tu ya kusimama. Ni fasi pamoja na pande zake (mbele, kando, juu) na pamoja na saa ya kuhesabia wakati. Bila kituo, neno «inakwenda» halina maana, kama vile neno «mbali» halina maana mpaka tuseme mbali na nini.

Mfano tunao kila jioni. Redio ya Kinshasa inasema ni saa 19. Saa ya ukutani hapa Bukavu inaonyesha 20, kwani mashariki ya Kongo tunatangulia kwa saa moja. Mama anayeuza sambaza kando ya njia anasema ni saa mbili ya usiku, kwani yeye anahesabu toka magharibi ya jua. Maneno matatu, na dakika ni moja. Je, mmoja wao amesema uongo? Hapana. Je, basi saa ni maoni ya kila mtu? Hapana vilevile! Ipo kanuni ya kugeuza hesabu ya Kinshasa iwe ya Bukavu, na ya Bukavu iwe ya mama yule, na anayekosa kanuni hiyo atakosa ndege. Hivyo ndivyo vituo vya kupimia vilivyo. Hesabu zinabadilika, kanuni ya kugeuza inakaa, na tukio ni lile lile kwa wote. Mhubiri anayesema kwamba elimu ya Einstein imeondoa ukweli, kwa kuwa imefundisha kila kitu ni cha kulinganisha, amesoma jina la kitabu akaacha kurasa. Elimu ile imejengwa juu ya jambo lisilobadilika: mbio za nuru katika utupu, kilometri 299,792 na zaidi kidogo kwa segonde, ni zile zile kwa kila apimaye aliye katika kituo kitulivu, akimbie anavyokimbia.

Lakini si vituo vyote vilivyo vitulivu kama chumba cha Salviati, na hapa ndipo kisu kinapogusa mfupa. Toka Bukavu kwenda Uvira kwa njia ya Ngomo, kabla ya kufika Kamanyola, barabara inajikunja katika mlima kona baada ya kona. Abiria wa kamioni anaweza kufumba macho, ajifunike gubi-gubi: kila kona mwili wake utatupwa upande, na magunia ya mihogo yatamsukuma. Hana haja ya kuchungulia nje ili ajue gari limepinda. Akitaka, anaweza kusema: «Mimi nimetulia, ni mlima wa Ngomo unaozunguka mbele yangu.» Kwa macho tu, maneno yake yanasimama. Lakini sherti atuambie ni nani aliyemsukuma. Sisi tuliokaa kando ya njia tuna jibu: hakuna aliyemsukuma; mwili wake ulitaka kuendelea mbele, na gari likapinda. Yeye hana jibu. Anapaswa kubuni nguvu isiyotoka katika kitu chochote.

Ndiyo tofauti inayosahauliwa. Kueleza mwendo, kila kituo kinafaa. Kueleza sababu ya mwendo, vituo havilingani: viko vilivyo vitulivu, ambavyo haviwezi kutofautishwa kwa jaribio lolote la ndani, na viko vinavyopinda au kuzunguka, navyo vinajifichua vyenyewe. Newton aliandika jambo hilo mwaka 1687 kwa mfano wa ndoo ya maji: ndoo iliyotungikwa kwa kamba ikizunguka, maji yake yanapanda kando na kushuka katikati. Watoto wanaochota maji wameona.

Basi dunia ni kituo cha namna gani?

Galilei alitaka kujibu swali hilo katika Siku ya Nne, na hapa anaanguka. Alitafuta alama ya mwendo wa dunia katika kupwa na kujaa kwa bahari. Alikumbuka mashua zilizopeleka maji matamu Venezia: mashua ikipungua mbio kwa ghafula, maji yaliyomo yanapanda mbele, ikiongeza mbio, yanapanda nyuma. Akasema bahari ni maji yaliyo katika mashua ya dunia. Kwa kuwa dunia inajizungusha na tena inalizunguka jua, kila fasi ya nchi inaongeza mbio wakati mmoja na kupunguza wakati mwingine, na bahari inachemka huku na huku. Aliipenda hoja hii hata akataka kitabu kizima kiitwe kwa jina la kujaa na kupwa kwa bahari. Wakuu wa Roma hawakukubali.

Msomaji aliyeifahamu Siku ya Pili atauliza: mbona maji haya hayashiriki mwendo wa dunia, kama vile tone la maji na vipepeo walivyoshiriki mwendo wa masua? Galilei amesahau chumba chake mwenyewe. Amejumlisha na kutoa mbio zilizopimwa toka kituo cha jua, akadhani maji yanazisikia. Wavuvi wa Mombasa na Zanzibar wangemsahihisha bila hesabu. Hoja yake, ilivyo, inataka bahari ijae mara moja kwa siku. Wao wanajua inajaa mara mbili, na kila siku inachelewa karibu dakika 50, kama mwezi unavyochelewa. Wanajua bamvua inakuja mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, na maji mafu katikati yake. Kepler alisema ni mwezi unaovuta maji, na Galilei akamstaajabia kwa kuamini mambo ya namna hiyo. Kwa hiyo mwaka 1633 Galilei alisema kweli juu ya mwendo wa dunia, lakini ushahidi aliouthamini kuliko yote haukuwa ushahidi. Tunaandika hivyo bila furaha, wala si ili kuwapa waamuzi wake haki wasiyo nayo.

Ushahidi ulikuja baadaye, na mwingine unatuhusu sisi wa karibu na ikweta. Mwaka 1672 Jean Richer alichukua saa ya timazi toka Paris akaenda nayo Cayenne, digri 5 tu kaskazini ya ikweta, na kule saa ikachelewa dakika 2 na nusu hivi kila siku. Uzito umepungua. Sababu moja ni mzunguko wa dunia, unaotaka kututupa nje kama kamioni katika kona. Sababu ya pili ni kwamba mzunguko huo huo umeivimbisha dunia kiunoni. Msomaji wa hapa Bukavu, anayebebwa na dunia kuelekea mashariki kwa mbio za karibu kilometri 1,670 kwa saa, ni mwepesi kidogo kuliko akiwa Ulaya, ijapokuwa hajapungua mwili hata kidogo.

Tazameni tena tufani. Zile za kusini ya ikweta, kama Idai iliyoharibu Beira katika Msumbiji mwezi wa tatu 2019, zinazunguka kama mishale ya saa. Zile za kaskazini, kama Gonu iliyopiga Oman mwezi wa sita 2007, zinazunguka kinyume. Katikati, penye ikweta, tufani hazizaliwi. Anayesema dunia imetulia atueleze ni nani aliyezifundisha tufani kujua upande wa ikweta zilipo.

Lakini jaribio zuri kuliko yote lilifanyika katika jengo lililokuwa limejengwa liwe kanisa la Mtakatifu Genoveva, yaani Panthéon ya Paris. Mwaka 1851 Léon Foucault alitungika huko tufe la kilo 28 kwa waya wa metri 67, akaliacha libembee. Kadiri saa zilivyopita, njia ya kubembea iligeuka polepole juu ya sakafu. Paris inatimiza mzunguko kwa saa 32 hivi. Hakuna aliyelisukuma upande. Ni sakafu iliyogeuka chini yake. Watu wale walifungiwa ndani kama abiria wa Salviati, bila kuona jua wala nyota, na bado jengo likawafunulia kwamba linazunguka. Mwendo wa dunia kulizunguka jua nao ulikuwa umekwisha kuonekana kwa njia nyingine, katika mwaka 1729, Bradley alipoeleza kwa nini nyota zote zinaonekana kuhama kidogo na kurudi kila mwaka.

Tuwajibu sasa wanaomtaja Einstein. Ni kweli kwamba elimu yake ya mwaka 1915 inaruhusu kuandika hesabu kwa kituo chochote, hata kinachozunguka. Anayependa anaweza kuandika hesabu zote za ulimwengu kwa kituo kilichopigiliwa misumari katika udongo wa Nyalukemba. Tumpigie hesabu kidogo. Jua liko mbali nasi kilometri milioni 150. Ili lituzunguke kwa siku moja sherti liende karibu kilometri 11,000 kwa segonde. Neptuno iko mbali kilometri bilioni 4 na nusu. Sherti iende zaidi ya kilometri 320,000 kwa segonde, yaani kuipita nuru. Na nyota ziko mbali kupita Neptuno mara elfu nyingi. Hesabu hiyo haikatazwi, lakini anayeiandika amekwisha kukiri kama kituo chake si kitulivu, kwani mpaka wa mbio za nuru katika sura tunayoijua hausimami ndani yake. Na timazi ya Foucault inageuka vilevile. Hiari ya kuchagua hesabu haikufuta tofauti kati ya chumba cha masua shwari na kamioni ya Ngomo.

Kwa haki tuongeze neno la upande wa pili. Galilei, kwa kumfuata Kopernik, aliliweka jua katikati, lisilosogea. Hilo nalo halikudumu: jua linatikiswa kidogo na sayari zake, tena linakwenda pamoja nazo kuizunguka Njia ya Maziwa kwa mbio za kilometri zaidi ya 200 kwa segonde. Wale wataalamu wa teolojia waliotoa hukumu tarehe 24 Februari 1616 walipewa maneno mawili wayapime: kwamba jua halina mwendo wa kuhama, na kwamba dunia inakwenda. La kwanza leo hakuna anayelishika. Lakini walilikataa kwa sababu isiyofaa, na la pili walilikataa nalo ni kweli.

Walishika nini? Walishika, pamoja na maandiko mengine, kitabu cha Yosua, sura ya 10, jua liliposimama juu ya Gibeoni. Hapa mwalimu wa katekisimu anaweza kutumia kituo cha kupimia bila hofu na bila hila. Yosua alisema toka fasi aliposimama, kwa kituo cha watu wote waliokuwa naye. Sisi hapa tunasema jua linatoka upande wa Rwanda na kutua upande wa Kahuzi, na profeseri wa astronomia anasema vilevile akirudi nyumbani jioni. Leo XIII aliandika wazi mwaka 1893, katika barua Providentissimus Deus, kwamba waandishi watakatifu walisema kadiri mambo yanavyoonekana, kama watu wa elimu wenyewe wanavyosema kila siku. Mtakatifu Agostino, miaka mingi kabla, alikuwa ameonya katika ufafanuzi wake wa kitabu cha Mwanzo: ni aibu kubwa mtu asiyeamini akimsikia Mkristu anasema upuuzi juu ya nyota na nchi, akidai ndivyo Biblia inavyofundisha.

Angalieni basi tofauti. Kusema Yosua alitumia kituo cha nchi ni kufasiri maneno yake. Kusema waamuzi wa 1616 nao walitumia kituo cha nchi ni kuwavika nguo ambayo wao wenyewe waliikataa. Hawakusema «toka hapa tunaona jua linakwenda». Walisema juu ya maumbile yenyewe, ya kwamba mwendo wa dunia ni upuuzi katika filosofia. Kardinali Bellarmino alikuwa mwangalifu kuliko wao. Katika barua yake ya tarehe 12 Aprili 1615 aliandika kwamba ushahidi wa kweli ukipatikana itapasa kuyafasiri Maandiko kwa uangalifu mkubwa, lakini yeye hajaonyeshwa ushahidi huo. Kudai ushahidi ilikuwa haki yake. Siku ya Nne, kama tulivyoona, isingalimtosha. Lakini kufunga swali kwa amri kabla halijajibiwa, hilo ndilo kosa, na Yohane Paulo II hakulizunguka aliposema mbele ya Akademia ya Kipapa ya Elimu tarehe 31 Oktoba 1992.

Tunajua watu watakaotujibu kwa kumtaja Kardinali Ratzinger. Mwaka 1990, katika hotuba Roma, alitaja maneno ya Ernst Bloch, mfilosofi wa Kimarx, kwamba baada ya Einstein kuchagua kati ya dunia na jua ni habari ya urahisi wa hesabu. Ni kweli aliyataja. Lakini wanaoyarudia wanakata hotuba katikati. Aliyataja kama alama ya nyakati, jinsi watu wa kisasa walivyoanza kuitilia shaka elimu yao wenyewe, kiisha akaonya ya kwamba ingekuwa ujinga kujenga utetezi wa haraka wa imani juu ya maneno kama hayo. Miaka 18 baadaye, Januari 2008, maprofeseri 67 wa Universite La Sapienza walipinga ziara ya Papa Benedikto XVI juu ya maneno mengine aliyoyataja katika hotuba ile ile, nao vilevile kwa kuyachukua kama ni yake, na ziara ya tarehe 17 ikafutwa. Rafiki na adui wamesoma ukurasa nusu. Padri Georges Lemaître wa Louvain, aliyeandika mwaka 1927 juu ya ulimwengu unaotanuka, alikuwa na hofu ya namna hiyo pia: Pio XII alipokaribia, mwaka 1951, kuutumia ukweli huo wa fizika kama ushuhuda wa uumbaji, Lemaître hakufurahi, ijapokuwa hakuna aliyekuwa na faida kuliko yeye.

Kwa nini tunalikazania jambo hili? Kwa sababu mwanafunzi wa Bukavu anayesikia utetezi ule siku ya Dominika atakutana na timazi ya Foucault katika kalasi ya fizika siku ya Jumatatu. Atampima mwalimu wa dini kwa kipimo cha Jumatatu. Na akiona mwalimu amemdanganya juu ya sakafu anayoikanyaga, atasikiaje habari za ufufuko?

Kitabu kisomwe basi, na kisomwe chote. Siku ya Pili iwekwe mikononi mwa waseminari pamoja na Siku ya Nne, na waulizwe wenyewe katika mashua ipi maji yanasikia mwendo na katika ipi hayasikii. Tafsiri za Kifaransa zipo. Kasoro moja tu tuitaje kwa ajili ya waalimu: Galilei bado alidhani mwendo usio na kizuizi unafuata mviringo wa nchi, mstari ulionyoka watautafuta kwa Descartes na Newton.

Anayetaka kufanya jaribio la Foucault huku kwetu ajiandae kwa subira. Sisi tuko digri 2 na nusu tu kusini ya ikweta, na mgeuko ni mdogo: haufiki digri moja kwa saa, nao unaelekea upande ulio kinyume na ule wa Paris. Tufe la chuma na kamba ndefu katika kanisa lenye dari la juu vinatosha kwa kuanzia, ingawa sherti lisukumwe tena na tena kwa uangalifu, kwani hewa inalichosha. Sumaku ya umeme ingesaidia, siku umeme ukiwapo. Mzunguko mzima unataka siku 23 hivi. Atakayeanza Jumatano ya Majivu ataona umetimia mara mbili asubuhi ya Pasaka.